Mstari wa Chini ya Gogo

Nawakumbuka wote waliokuwepo siku tulipouangusha mvule wa baba kule Kalinzi, Kigoma, na kabla sijaendelea nitawataja, kwa sababu wengine hawapo tena wa kujitaja wenyewe. Alikuwepo baba mdogo Lazaro, amesimama mbali kidogo, mikono mgongoni. Walikuwepo wadogo zangu watatu: Bukuru na Butoyi, mapacha wa miaka kumi na minne, Bukuru mvulana na Butoyi msichana, na Tereza wa miaka minane, aliyeziba masikio kabla mti haujaanza hata kulia. Alikuwepo Mzee Venansi, mkimbizi kutoka Burundi, ndiye aliyeshika shoka. Na nilikuwepo mimi, Anastazia, dada yao, mwenye miaka kumi na tisa.

Mama alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Ndipo nilipoacha shule nikiwa darasa la tano, nikakaa nyumbani na wadogo. Baba naye aliondoka mwaka ule ule wa mvule, mwezi wa sita, baada ya homa ya siku sita. Mwanangu, sikusimulii haya ili unihurumie. Nakusimulia kwa sababu nilifanya kosa mwaka ule, na kosa lenyewe mpaka leo nawaona vijana wakilifanya, tena wale walio wema zaidi katika nyumba zao.

Baba alikuwa ameanza kujenga. Alikuwa amesimamisha kuta za matofali mabichi, vyumba vitatu, na kwa kahawa ya msimu mmoja mzuri alinunua bati, akazihifadhi kwa mdogo wake Lazaro. Mbao alikusudia kuzipasua mwenyewe kutoka kwenye mvule ulioachwa na babu mpakani mwa shamba. Homa haikumsubiri.

Tulipomaliza matanga, baba mdogo aliongea mbele ya ukoo wote. Sitaki umfikirie vibaya. Alikuwa na watoto sita wa kwake na mgongo uliokwisha kuchoka. Alisema, "Kuta hizi ni udongo. Zikipigwa na mvua mbili tatu bila paa, zinarudi kuwa udongo. Mkiwa na paa kabla ya mvua, kaeni kwenu, mimi nitakuwa nawatazama. Msipokuwa nalo, Bukuru atakuja kwangu, Butoyi ataenda kwa shangazi yenu kule Mwandiga, Tereza ataenda kwa wajomba. Wewe Anastazia umri wako wa kuolewa umefika."

Kwetu mapacha hupewa kila kitu sawa. Ukimnunulia mmoja kandambili, unanunua pea mbili. Sasa hawa walikuwa wanagawiwa kama maharage ya sadaka. Nilimtazama Butoyi, naye alikuwa amemshika mwenzake pindo la shati, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wana miaka mitatu.

Nikasema, "Paa litakuwepo, baba."

"Nani atapasua mbao?"

"Mimi."

"Wewe na nani? Utawafanya hawa watoto vibarua."

Hapo hasira ilinishika. Nikajibu mbele ya watu wote, "Hawatagusa msumeno. Wataenda shule kama watoto wenye wazazi." Wanawake waliguna kwa kuridhika, na mimi nikajiona nimesema neno kubwa.

Miezi hiyo wakimbizi walikuwa wanashuka kutoka upande wa Manyovu, mpakani na Burundi, siku nyingine watu kumi, siku nyingine mia. Walibeba mikeka, masufuria, kuku, watoto. Mzee Venansi yeye alibeba msumeno wa kupasulia mbao, mrefu kumpita kimo, ameuzungushia mkeka. Jirani yetu alimpa yeye na mkewe banda la kahawa wakae. Watu wakamuuliza, "Mzee, wenzako wamekuja na mbuzi, wewe umekuja na chuma?" Akajibu, "Mbuzi alikataa kubebwa." Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena aliacha nini huko alikotoka.

Nilimfuata nikampigia magoti, nikamweleza. Alikuja akauona mvule, akauzunguka akiugonga kwa kisogo cha shoka huku ametega sikio. Mvule mkubwa wakati mwingine huficha jiwe ndani ya mti, na jiwe hilo huvunja meno ya msumeno. "Huu ni mzima," alisema. "Kibali mnacho?" Kibali tulikuwa nacho. Nilikuwa nimekwenda Kigoma kwa bwana misitu mara mbili, mara ya kwanza kwa miguu hadi Mwandiga, mara ya pili nimekaa juu ya magunia ya kahawa. Kwa wakati ule alichotaka Mzee ni chakula cha mchana, chake na cha mkewe. Mengine, alisema, tutayaongea paa likishakaa.

Kalinzi ni milima, hivyo hatukuchimba shimo. Tulijenga jukwaa la miti ubavuni mwa mlima, tukaliviringisha gogo la kwanza kutoka upande wa juu hadi likakaa juu ya jukwaa, chini kukiwa wazi mtu aweze kusimama. Mzee alivunja betri za redio zilizokufa, akachanganya ule unga mweusi na maji, akachovya uzi. Uzi ulivutwa kutoka kichwa cha gogo hadi mkiani, ukainuliwa kidogo, ukaachiwa, ukaacha mstari mweusi ulionyooka. Alipiga mstari juu, kisha akapiga mwingine chini, unaolingana nao.

Msumeno ule ulikuwa na mipini miwili. Mtu wa juu husimama kwenye gogo, anauinua msumeno na kuuongoza kwenye mstari wake. Mtu wa chini anauvuta, na kwenye kuvuta ndipo meno yanapokata. Lakini mtu wa juu hauoni mstari wa chini. Kwa hiyo kila baada ya mivuto michache huuliza, "Mstari?" na wa chini, kama jino liko kwenye mstari, hujibu, "Upo." Kama limetoka, hujibu, "Hapana," na kazi inasimama mpaka msumeno urudishwe. Ni kazi ya maneno mawili, na ndiyo inayofanya ubao uwe ubao.

Mimi nilisimama chini. Siku nane nilisimama chini. Mapacha wakirudi shule walikuta nimejaa unga wa mbao kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Bukuru alisogea mara mbili tatu akaushika mpini, nikampiga kofi la mkono. "Nenda kasome." Butoyi alikuwa akizunguka rundo la mbao, amefumba jicho moja, akizitazama kwa urefu wake. Naye nilimfukuza.

Unga wa mvule ni mkali. Unawasha pua, unachoma macho. Ukiuchanganya na uchovu wa siku nane, macho yanataka kujifunga yenyewe. Siku ya tisa tulipandisha gogo refu kuliko yote, lile pekee lililotosha kutoa mwamba wa paa, ule mti wa juu kabisa ambapo bati za pande mbili hukutana. Mzee alipiga mstari kwa uangalifu, akapima mara mbili. Tukaanza asubuhi.

Baada ya kama theluthi ya gogo, mikono yangu ilikuwa haivuti tena. Nilikuwa naning'inia. Msumeno ukishuka nashuka nao, ukipanda unaninyanyua. Macho nilikuwa nimeyafunga.

"Mstari?" akauliza Mzee kutoka juu.

"Upo," nikajibu.

Mwanangu, sikuutazama. Niliogopa nikisema hapana tutasimama, na tukisimama sitaweza kuanza tena, na nisipoweza kuanza tena baba mdogo atakuwa amesema kweli.

"Mstari?"

"Upo."

Nilijibu hivyo mpaka mwisho wa gogo. Kipande kilipoachana, Mzee alishuka, akainama, akalala chali kabisa chini ya jukwaa akitazama juu. Akaufuatisha mkato kwa kidole. Kwa juu ubao ulikuwa umenyooka. Kwa chini ulikuwa umekwenda pembeni kama njia ya mbuzi. Upande mmoja ulikuwa mnene kama goti, upande mwingine mwembamba kama kiganja. Mwamba wa paa ulikuwa umekufa, na gogo jingine la urefu ule halikuwepo.

Alikaa akajipangusa unga. "Ulifumba macho tangu wapi?"

Nilimwonyesha mahali.

"Tangu hapa mpaka kule?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi nakuuliza, na wewe unanijibu."

Niliokota gome la mvule, nikalivunjavunja.

"Mwana wanje," alisema, hivyo ndivyo wao wanavyosema mwanangu, "kwa nini hukusema umechoka?"

"Mimi ndiye mkubwa wao, Mzee. Nikichoka mimi, nani tena?"

Hakunifokea. Nilitamani anifokee. Alisema, "Nimepasua mbao na baba yangu, na kaka zangu, na vijana wangu wawili ambao sasa sijui walipo. Wote walikuwa wanachoka. Aliyechoka alisema, mwingine akaingia. Wewe una watu watatu ndani ya nyumba, unawalinda na msumeno kama vile ni chui. Unataka kuwajengea nyumba ambayo hawakuijenga. Wataishi humo kama wageni."

Kisha akagonga kabari, akauchomoa mpini wa chini, akauweka kwapani. "Msumeno nauacha kwenye gogo. Mpini huu utaufuata kwangu. Usije peke yako." Akaenda zake.

Nilikaa pale juu ya unga wa mbao. Mvua zilikuwa zimebakiza majuma mawili, labda matatu kama mbingu zingetuonea huruma. Upande wa ziwa, mbali kule chini, tayari mawingu yalikuwa yanakusanyika alasiri na kutawanyika. Nilikuwa na kuta zisizo na paa, msumeno usio na mpini, na ahadi niliyoitoa kwa hasira mbele ya ukoo.

Mapacha walirudi shule.

"Dada, leo msumeno haulii," akasema Butoyi.

Nikawaambia yote. Nilidhani watashtuka. Bukuru aliketi kwenye gogo, akachomoa daftari alilokuwa amelichomeka kiunoni.

"Wewe unaomba chumvi kwa majirani," akasema, "unaomba moto, unaomba mpaka mchi wa watu. Sisi tu ndio hujawahi kutuomba kitu."

"Nilisema mbele ya baba mdogo hamtagusa."

"Ulisema wewe. Sisi hatukuulizwa."

Butoyi alikuwa tayari amekwenda kwenye rundo. "Na ule wa tatu kutoka juu nao umepinda kidogo," akasema. "Niliuona juzi."

"Haya, fundi amefika," Bukuru akamwambia.

Niliucheka, mwanangu, ule utani wao, na nikiwa katikati ya kucheka nikalia. Sijui kama niliwahi kulia mbele yao kabla ya hapo. Tereza alikuja akanipangusa uso kwa gauni lake, akanipaka unga zaidi.

Kesho yake, wakitoka shule, tulikwenda wanne kwenye lile banda la kahawa. Mzee alikuwa ananoa shoka kwa tupa. Alitutazama mmoja mmoja, akachukua uzi wake, akaufunga kutoka nguzo hadi nguzo, akauliza nani anaona kama umenyooka. Bukuru alisema umenyooka. Mimi nikasema umenyooka. Butoyi alifumba jicho moja akasema, "Katikati umeguswa na kijiti." Ni kweli, kulikuwa na kijiti cha nyasi.

"Wewe utapanda juu," Mzee akamwambia.

"Mzee, ni msichana," nikasema. Usishangae. Kwetu wakati ule msichana hakupanda juu ya kazi ya wanaume, sembuse kusimama juu ya kaka yake.

"Nimeona," akajibu Mzee, akampa Bukuru ule mpini, akaendelea kunoa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi mapacha wakiwa shule, nilivuta na Mzee, nikichoka nasema, tunakaa. Wakirudi, Butoyi alipanda juu, Bukuru akashika chini, na Mzee akazunguka akiwakumbusha, "Buhoro, buhoro," yaani polepole. Wale wawili walivuta kama mtu mmoja mwenye mikono minne, huku wakigombana muda wote. "Mstari?" "Upo, lakini unanimwagia makusudi." "Funga mdomo hutakula unga." Tereza alizoa unga na kuleta maji, na mara nyingine aliulizia mstari yeye mwenyewe, akiinama chini ya jukwaa kuhakikisha hatumdanganyi.

Siku ya nne ya kazi hiyo baba mdogo alitokea. Alisimama karibu na jukwaa. Kisha akaniita.

"Anastazia. Uliniambia hawatagusa msumeno."

"Nilisema, baba. Nilikosea."

"Na huyo aliye juu ya gogo ni nani?"

Butoyi akajibu mwenyewe kutoka huko juu, "Ni mimi, baba mdogo. Usisimame hapo, unga utakuingia machoni."

Nilidhani atamshusha kwa fimbo. Alisogea hatua moja pembeni, kama alivyoambiwa. Halafu akainama, akatazama mstari wa chini kwa muda, akatazama na rundo la mbao. Aliuona na ule mwamba uliokufa, nikamwambia ni mimi niliyeuua. Akaguna. Akaondoka bila kuaga.

Siku mbili hatukujua amekwenda na mawazo gani. Bukuru alivuta bila utani hata mmoja. Shida ya mwamba Mzee aliitatua kwa vipande viwili vifupi, akavikata mishazari vikalaliana, na kiungo akakipanga kikae juu kabisa ya ukuta wa katikati, kisibebe uzito hewani. Mbao zilikuwa mbichi, jambo ambalo fundi yeyote atakukataza. Yeye mwenyewe alilijua. "Zitajikunja kidogo," alisema. "Mwaka kesho mtapanda mkaze misumari. Kuta haziwezi kungoja."

Siku ya tatu asubuhi tulisikia mlio wa bati njiani. Baba mdogo alikuwa mbele, bati kichwani, na nyuma yake wanawe wawili wakubwa, nao bati vichwani. Aliziweka chini taratibu zisikunjike. Alinyoosha shingo, akasema, "Nilikuwa nimemwambia shangazi yenu wa Mwandiga atandike kitanda. Nimemtumia mtu akitandue."

Ni hilo tu alilosema. Mapacha walitazamana, na Bukuru akaanza tena kumtania mwenzake, na hapo nikajua yamekwisha.

Tuliezeka kwa siku tatu. Baba mdogo alipanda yeye mwenyewe, na huko juu alimwita Butoyi amwangalizie kama papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, zimenyooka. Mvua ilikuja siku ya nne baada ya msumari wa mwisho. Ilikuja kwa kishindo, kama inavyokuja milimani kwetu, na tukiwa ndani hatukusikilizana. Bukuru alikuwa anapaza sauti jambo fulani, sisi tunamwonyesha masikio. Tereza alilala usingizi sakafuni katikati ya kelele ile. Mimi niliegemea ukuta, nikauhisi mkavu mgongoni mwangu, nikakaa hivyo mpaka mvua ilipokwisha. Sijapata tena kupumzika namna ile.

Sasa, mwanangu, wewe uliyeachiwa wadogo, au unayebeba nyumba mabegani kwa sababu yoyote ile, sikiliza. Kuwa mkubwa si kuwa peke yako. Waliokuzunguka hata wakiwa wadogo wana mikono, na mara nyingine mmoja wao ana jicho ambalo wewe huna. Waombe. Usiwanyime kazi ukidhani unawapenda. Ukichoka, sema umechoka wakati bado kuna ubao wa kuokoa. Na mtu anayekutegemea akikuuliza kuhusu jambo lililo upande wako, upande asiouona yeye, fumbua macho kwanza, ndipo umjibu. Kama mstari umetoka, mwambie umetoka. Kazi itasimama kidogo, haitakufa.

Mungu aliyetusitiri chini ya paa lile akusitiri na wewe. Akupe wenzako wa kuvuta nao, akupe mzee wa kukukatalia mpini siku utakapostahili kukataliwa, na wadogo zako wakue wakiijua nyumba kuwa ni yao.

Mimi nimebaki na jambo moja. Paa lilipokwisha, Mzee Venansi alichagua mbao za ujira wake, kumi na mbili za mvule, za mlango na kitanda, siku atakapopata mahali pake pa kujenga. Alituomba tuziache zikauke kwetu. Kabla hazijakauka, malori yalikuja kuwachukua wakimbizi kwenda kwenye makazi ya mbali, huko upande wa Tabora, na nafasi ya mbao haikuwepo. Yeye na mkewe walipanda na msumeno. Nilituma salamu kwa watu wa kanisani, sikupata jibu. Wakimbizi wengine wamekuja miaka mingine, na kila kundi nimeliuliza. Siku baba mdogo alipofariki tulikosa mbao za jeneza, na Bukuru aliinua macho kwenye zile kumi na mbili. Nilimwambia hapana, tukaenda kununua Mwandiga. Ziko hapo juu ya dari, zimenyooka, na bado hatujampa.